Kisu na Unyoya: Kusoma Fani ya Picha za Theluji za Wilson Bentley

Katikati ya picha kuna pembesita ndogo, na ndani yake nyingine ndogo zaidi iliyochorwa kwa mistari miembamba. Katika kila pembe umechomoza mkono. Mikono yote sita ina urefu mmoja, na kila mkono umeota matawi yanayochepukia nje kwa mwinamo uleule, nyuzi 60, yakipungua urefu kuelekea ncha. Fuwele ni nyeupe, yenye kijivu hapa na pale. Nje yake ni weusi mtupu. Hakuna kivuli, hakuna vumbi, hakuna ukingo wa kioo kilichoibeba, wala fuwele ya pili iliyoangukia kando yake.

Picha za namna hii Wilson Bentley alizipiga kwa zaidi ya miaka arobaini na mitano, katika shamba la familia yake huko Jericho, jimbo la Vermont nchini Marekani, na jumla yake ikapita 5,000. Hakuajiriwa kuzipiga, wala hakuwa mwanasayansi wa chuo. Alikuwa mkulima na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na kila msimu wa baridi, theluji ilipoanza kudondoka, aliingia kwenye kibanda kisicho na moto akaanza kazi aliyoipenda kuliko zote. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi, hata katika vitabu vya watoto: upendo wake, uvumilivu wake, ukaidi wake. Picha zenyewe husomwa kwa nadra. Watu husema zinapendeza, wakafungua ukurasa mwingine. Mimi nataka kuzisoma jinsi tunavyosoma utungo, niulize ziliundwaje, na fani yake inasema nini ambacho maudhui peke yake hayasemi. Nitaanzia kwenye ule weusi, kwa sababu siku picha ilipopigwa weusi huo haukuwepo.

Bentley alizaliwa tarehe 9 Februari 1865. Mama yake, mwalimu wa zamani, alimsomesha nyumbani kwa miaka mingi, na ndiye aliyempa hadubini yake ya kwanza. Kijana akajaribu kuchora alichokiona. Aliweka fuwele chini ya lenzi, akaanza kufuatisha matawi yake kwa mkono, na fuwele ikayeyuka mchoro haujakamilika. Ndipo akaiwazia kamera. Baba yake, ambaye hakuona faida ya mambo hayo kwa mtu wa shamba, hatimaye aligharamia kamera ya mvukuto na hadubini ya kuunganisha nayo. Tarehe 15 Januari 1885, wiki chache kabla Bentley hajatimiza miaka ishirini, picha ya kwanza ikakubali.

Mbinu yake haikubadilika sana tangu hapo. Alikinga theluji kwa ubao mweusi, akaitazama haraka, akachagua. Fuwele iliyomridhisha aliinyanyua kwa kijiti chembamba, akaihamishia kwenye kioo cha hadubini na kuikandamiza taratibu kwa unyoya ili ilale bapa. Pumzi aliibana, maana joto la mdomo lingeimaliza. Kamera ilielekezwa dirishani, kwa hiyo nuru ya mchana ilipita ndani ya fuwele ikitokea nyuma yake, ndipo ikafika kwenye bamba la kioo lililopakwa dawa. Tundu la lenzi alilibana liwe dogo sana ili kila mstari uonekane kwa ukali, na udogo huo ulidai subira: nuru iliachwa iingie kwa sekunde nyingi, wakati mwingine zaidi ya dakika nzima, huku fuwele ikizidi kupungua.

Hapo ndipo tatizo la fani linapozaliwa. Barafu ni angavu. Nuru ikitoka nyuma, sehemu kubwa ya fuwele huipitisha bila kuizuia, na kinachobaki kwenye picha ni mistari ya kijivu: mahali penye mteremko, mfereji au kiputo cha hewa ndipo nuru inapokengeuka na kuacha alama. Kwa maneno mengine, picha ya asili ya Bentley ni ya kitu cheupe juu ya uwanja mweupe. Ukingo unaonekana kwa shida. Aliyeiona fuwele ile kwa macho kwenye ubao mweusi aliiona iking'aa. Kamera ikamrudishia kitu kilichofifia.

Bentley alilitatua jambo hilo kwa kisu. Alitengeneza nakala ya negativu, akaishika mbele ya mwanga, akaanza kuparuza utando wa dawa kuzunguka fuwele, akifuata kila tawi, kila pengo kati ya tawi na tawi, mpaka kioo kilichozunguka umbo kikawa kitupu. Sehemu iliyoparuzwa, ikichapishwa kwenye karatasi, hutoka nyeusi. Kazi hiyo iliweza kumla saa kadhaa kwa negativu moja. Negativu ya asili hakuigusa; aliitunza.

Nimeutafakari sana utaratibu huu, na kila ninapoutafakari naona kwamba kijana aliyeshindwa kuchora hakuacha kuchora. Alichofanya ni kuusogeza mchoro mbele, kwenye wakati ambapo fuwele haiwezi tena kuyeyuka. Kamera ilimpa kielelezo kinachokaa kimya. Kisu kikawa kalamu. Mpaka wa kila fuwele tunayoiona katika picha zake maarufu ni mstari uliopitiwa na mkono wa mtu, kwa utaratibu, jioni, ndani ya nyumba yenye joto au penginepo, baada ya theluji yenyewe kugeuka maji. Lakini kilichomo ndani ya mpaka huo hakikuguswa na mtu. Ile mistari, ile mifereji, yale madoa ya hewa iliyonaswa, yote yameandikwa na nuru. Picha ya Bentley basi ina waandishi wawili, na wamegawana kazi kwa namna ambayo sijaiona kwingine katika upigaji picha wa maumbile: mtu ameandika ukingo, nuru imeandika moyo.

Na kuna jambo jingine, ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Weupe wa fuwele katika picha hizi si weupe wake. Ni ile nuru ya dirishani inayoonekana kupitia barafu. Kabla ya kisu nuru hiyo ilijaa picha nzima. Kisu kikaiondoa kila mahali isipokuwa ndani ya fuwele. Kwa hiyo tunapodhani tunatazama kipande cha theluji, kwa kweli tunatazama mchana wa Vermont, mchana wa mawingu wa siku fulani ya mwaka fulani, uliokatwa kwa umbo la theluji. Ndiyo maana fuwele zake zinaonekana kuwaka kutoka ndani.

Weusi huo una gharama zake pia. Umeondoa kipimo. Nyingi ya fuwele hizi zina upana wa milimita chache tu, lakini picha haina kitu cha kuzilinganisha nacho, na jicho huanza kuona maua, taji, nyota, hata ramani ya ngome. Umeondoa baridi. Umeondoa pia wingi, na hilo si dogo, maana theluji haidondoki moja moja. Msomaji wa Tanga au Mombasa ambaye hajawahi kushika theluji hapungukiwi na kitu mbele ya picha hizi, na yule wa Burlington, mji wa jirani na Jericho ambako leo wanaishi Wakongo na Warundi wenye Kiswahili chao na wanaosukuma theluji kwa koleo kila mwaka, hana la ziada. Wote wawili wamewekwa mbele ya umbo lililong'olewa mahali pake. Wengine wataliona hilo kuwa kasoro. Mimi naliona kuwa uamuzi wa msanii, na kama uamuzi mwingine wowote wa fani una kinachopatikana na kinachopotea.

Lawama iliyowahi kutolewa dhidi ya Bentley ilikuwa nzito kuliko hiyo. Huko Berlin, mtaalamu wa hali ya hewa Gustav Hellmann alikuwa amechapisha mwaka 1893 kitabu chake cha fuwele za theluji, pamoja na picha zilizopigwa kwa hadubini na Richard Neuhauss. Ukiziona picha za Neuhauss utaelewa ugomvi ulipotoka. Fuwele zake ni za kawaida mno: zimevunjika, upande mmoja mnene kuliko mwingine, tawi hili limekua na lile limedumaa. Hellmann akamlaumu Bentley kwa kuzikata negativu zake, kwamba kisu hakikuishia kwenye mandhari ya nyuma bali kiligusa umbo lenyewe. Bentley hakuwa na siri katika hilo. Njia yake aliieleza hadharani, na negativu za asili zilikuwepo kuthibitisha.

Naamini lawama ile ililenga chombo kisichohusika. Kisu kinafuata ukingo uliokwisha kuandikwa. Kinaweza kuulainisha, kinaweza kukosea kwa unene wa unywele, lakini hakiwezi kumpa mtu mkono wa sita pale penye mitano bila picha ya ndani kumuumbua. Chombo kinachostahili kuulizwa maswali ni unyoya. Kwa unyoya Bentley alilaza fuwele bapa, na kwa kufagia hivyohivyo aliusafisha ubao wake kila alipoona kwamba kilichoangukia hakifai. Maelfu kwa maelfu ya fuwele zilifagiwa bila kuachwa hata alama. Tunaona zilizochaguliwa, hatuoni kanuni ya kuchagua, na kanuni hiyo ilikuwa ulinganifu. Aliyependa nyota zenye mikono sita iliyotimia alituachia mbingu inayoonekana kudondosha nyota zenye mikono sita iliyotimia. Uhariri wote mkubwa ulifanyika kabla kamera haijafunguliwa.

Aliyelionyesha hilo waziwazi ni Ukichiro Nakaya, mwanafizikia wa Hokkaido, Japani. Kitabu cha Bentley, Snow Crystals, kilimvutia hasa, akapanda kwenye mlima Tokachi kupiga picha zake mwenyewe, safari hii akikubali kila kilichodondoka: sindano, nguzo fupi zenye vifuniko pande mbili, vibonge visivyo na sura, nyota zilizopooza upande mmoja. Theluji yenye ulinganifu kamili ikaonekana kuwa ndiyo ya nadra. Mwaka 1936, ndani ya chumba cha baridi cha chuo kikuu mjini Sapporo, Nakaya alifanikiwa kuotesha fuwele ya theluji kwenye ncha ya unywele wa sungura, ya kwanza kutengenezwa na binadamu. Kutokana na majaribio yale alionyesha kwamba umbo linafuata joto la hewa na kiasi cha unyevu uliomo: karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri, hewa ikiwa na unyevu mwingi, huota mikono yenye matawi, karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri huota sindano.

Ugunduzi huo unabadilisha namna ya kuisoma picha ya Bentley, na kuitajirisha. Fuwele hukua kutoka katikati kwenda nje wakati ikishuka katika tabaka za hewa zisizofanana. Kwa hiyo kitovu ndicho cha kale na ncha ndizo za mwisho. Ile pembesita ndogo ya katikati ni hali ya hewa ya juu, mahali fuwele ilipozaliwa. Kuanza kwa mikono ni dakika ambayo hewa ilibadilika. Tawi linaloota ghafla ni mabadiliko mengine. Na mikono sita inafanana kwa sababu imepitia njia moja kwa wakati mmoja, bila mkono mmoja kujua habari za mwingine. Picha iliyoonekana kuwa pambo tulivu inageuka kuwa masimulizi yenye mwanzo, kati na mwisho, yanayosomwa kwa kufuata mkono wowote mmoja kuelekea nje. Bentley alilihisi hilo mapema. Katika makala zake alijaribu kuhusisha maumbo na aina za dhoruba na joto la siku. Hata hivyo kisu chake, kilipoondoa mazingira ya fuwele, kiliifanya habari hiyo iwe ngumu kuonekana. Fani ilimsaidia mpenzi wa uzuri na kumzuia mtafiti, nao wote wawili walikuwa mtu mmoja.

Asidhani mtu kwamba Bentley hakujua kufanya kazi bila uzuri. Huyuhuyu alikinga matone ya mvua kwa sinia la unga laini, akasubiri kila tone lijifinyangie kidonge, akavikausha na kuvipima ili kujua ukubwa wa matone katika mvua za aina mbalimbali. Hayo aliyachapisha mwaka 1904. Ilikuwa sayansi safi, ya akili nyingi, na vidonge vile vya unga havikuhitaji kisu wala weusi. Alipotaka kipimo alijua pa kukipata. Kwenye theluji alitaka kitu kingine.

Kitabu chake kikubwa, Snow Crystals, kilitoka Novemba 1931 kwa ushirikiano na William J. Humphreys wa idara ya hali ya hewa ya Marekani, kikiwa na picha zaidi ya 2,400. Bentley alifariki kwa nimonia tarehe 23 Desemba mwaka huohuo. Kitabu hicho ndicho kinachotuonyesha kwamba picha moja ya Bentley si kazi kamili. Katika ukurasa fuwele zimepangwa safu juu ya safu, zote zikiwa zimekuzwa hadi zinakaribiana ukubwa, zote zikiwa kitovuni mwa mraba wake mweusi. Aliyelelewa na ushairi wetu wa arudhi atajisikia nyumbani. Kuna mizani isiyovunjwa, ambayo ni sita. Kuna vina vinavyorudi katika kila mkono. Na kuna utoshelezi, maana kila mraba ni ubeti uliokamilika ambao hauombi msaada kwa jirani yake. Mshairi wa arudhi hasifiwi kwa kuvunja kanuni bali kwa jinsi anavyopata la kusema ndani yake, na fuwele hizi zinapita mle mle: kanuni moja ya barafu, na hakuna mbili zilizo sawa. Kauli hiyo maarufu, kwamba hakuna fuwele mbili za theluji zinazofanana, ilienea kwa sababu ya Bentley, na haikuenea kwa hoja. Ilienea kwa mpangilio wa ukurasa. Weka fuwele moja peke yake na hutaiwazia tofauti. Ziweke nyingi kwa kipimo kimoja, katika weusi mmoja, na jicho halina la kufanya ila kulinganisha. Weusi ulioondoa mazingira ndio ulioziweka fuwele zote kwenye uwanja mmoja ili tofauti zao zionekane. Usingeweza kuupata ukurasa ule kwa picha za Neuhauss, hata ungekuwa nazo elfu kumi.

Hapo nahitaji kumtaja mtu wa pili, kwa kifupi. Karl Blossfeldt, mwalimu wa sanaa za mapambo mjini Berlin, alizaliwa mwaka uleule wa 1865 na kufariki mwaka 1932. Naye kwa miaka mingi alipiga picha za mimea kwa kamera aliyojitengenezea, akikuza chipukizi na vikonyo mara nyingi kupita ukubwa wake, akiviweka mbele ya karatasi tupu. Kitabu chake cha 1928 kilimpa umaarufu mkubwa akiwa mzee. Watu huwataja pamoja, lakini fani zao zinaachana. Nuru ya Blossfeldt inatoka ubavuni. Mmea wake una uzito, una kivuli, unaweza kuguswa. Alikata majani yaliyomsumbua kabla ya kupiga picha, kwa kuwa alitaka kuwafundisha wanafunzi wake ujenzi wa maumbo. Bentley hakuwa na mwanafunzi wa kumpa somo. Kitu chake hakina uzito wala upande wa nyuma. Ni nuru na mpaka tu, na nadhani ndiyo sababu Blossfeldt anaheshimika zaidi katika majumba ya sanaa huku Bentley akichapishwa kwenye kadi za Krismasi. Naona huo ni upungufu wa hukumu yetu.

Kwenye kurasa za mwisho za Snow Crystals mambo yanabadilika. Kuna umande, kuna mvua ya mawe, kuna barafu iliyoota juu ya vioo vya madirisha. Barafu ya dirishani haikuweza kunyanyuliwa kwa kijiti, wala haikuwa na mpaka wa kisu kupita. Inatambaa, inapinda, inajikunja upya juu ya mkwaruzo wa kioo, inatoka nje ya fremu bila kumaliza sentensi yake. Hakuna sita pale inayohesabika kwa jicho, hakuna kitovu. Umande uko juu ya nyuzi za utando wa buibui, matone makubwa na madogo yakifuatana kwa mpangilio ambao hakuna aliyeuchagua. Katika picha hizi Bentley anauachia ulimwengu ukingo, na macho yake, yaliyofunzwa kwa miaka mingi kutafuta ulinganifu, yanaona kwa ukali uleule kitu kisicho na ulinganifu wowote. Hapa ndipo ninapomwona mpigapicha mkubwa kuliko yule wa nyota, na inanihuzunisha kwamba zimepewa nafasi ndogo hivyo na kwamba mtu hulazimika kupitia kurasa nyingi mno za nyota kabla ya kuzifikia.

Mabamba mengi ya kioo ya Bentley yametunzwa katika Buffalo Museum of Science, jimbo la New York, na huko Jericho chama cha historia ya mji kina mkusanyo wake. Maonyesho ya kazi zake mara nyingi huonyesha picha zilizokwisha kukatwa. Atakayeandaa mengine aanze na fuwele moja katika hali zake mbili: negativu ya asili yenye uwanja wake uliojaa nuru, na kando yake nakala iliyopitiwa na kisu. Mtazamaji apewe nafasi ya kufuata ukingo mmoja baada ya mwingine na kuona mkono wa mkulima yule ulipopita karibu mno na tawi, ulipolikwepa pengo jembamba, na ulipoamua kuacha.